Nchi Jirani: Mwamba wa Kariba na Uhuru wa Zambia

Taifa linalotaka kujitegemea kwa nguvu za umeme hulazimika kwanza kuyajua mawe ya nchi yake. Jirani zetu wa Zambia walijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa kwenye ukingo wa mto Zambezi.

Bwawa la Kariba, lenye kimo cha mita 128, lilijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959, wakati Rhodesia mbili na Nyasaland zilipokuwa zimefungwa pamoja katika Shirikisho la walowezi. Mto ni mpaka, na maji yake ni ya pande zote mbili. Hata hivyo, kituo cha kwanza cha umeme kilichimbwa ndani ya mwamba wa ukingo wa kusini. Shirikisho likavunjika mwaka 1963, Zambia ikawa huru tarehe 24 Oktoba 1964, na tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitwalia madaraka Rhodesia. Tangu siku hiyo migodi ya shaba, tegemeo la uchumi wa Zambia, ikawa inategemea mitambo iliyokuwa mikononi mwa utawala haramu.

Askari haelezwi mara mbili maana ya hali hiyo. Aishikaye riziki ya mwenzake hana haja ya kufyatua risasi.

Zambia ikajenga kituo cha Kafue Gorge, nacho kikiwa chini ya ardhi, kisha ikaamua kuchimba kituo chake upande wa kaskazini wa Kariba. Kazi hiyo ikapewa kampuni ya Uingereza. Wachimbaji walipoingia ndani ya kilima, mwamba ukaonekana kuwa mbovu kuliko ulivyotazamiwa. Gharama zikapanda, ukazuka ubishi juu ya nani alipe, na mwezi Januari 1973 kampuni hiyo ikawekwa chini ya mfilisi. Mwezi huo huo Smith aliufunga mpaka wake na Zambia. Hivyo basi, nchi ilibanwa na adui juu ya ardhi na kucheleweshwa na mawe chini ya ardhi.

Kwa nini mwamba huwahadaa wataalamu? Kipande cha jiwe kikipelekwa maabara na kubanwa kwa mashine mpaka kivunjike, huonyesha nguvu za kipande hicho peke yake. Lakini kilima si kipande kimoja. Kilima kina nyufa, matabaka yaliyopinda, mishipa ya ulanga na udongo, na maji yapitayo katikati yake. Nguvu ya kikosi haipimwi kwa misuli ya askari mmoja, bali kwa jinsi askari wote wanavyoshikamana. Na mwamba ni vivyo hivyo. Jiwe gumu lililokatwakatwa na nyufa telezi laweza kuporomoka juu ya vichwa vya wachimbaji, ilhali jiwe laini zaidi lisilo na nyufa likasimama imara.

Elimu ya kuupima mwamba mzima ilikuwa bado changa. Mwaka 1964 Mmarekani Don Deere alipendekeza kuhesabu ni sehemu gani ya mawe yanayotolewa na keekee ina vipande vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa msiba wa Kariba, Bieniawski alitangaza huko Afrika Kusini kipimo cha kutoa alama kwa ugumu wa jiwe, wingi wa nyufa, hali yake, mwelekeo wake na maji yaliyomo. Mwaka uliofuata Barton na wenzake wa Norway wakatoa kipimo chao. Na mwaka 1980, mwaka ambao Zimbabwe ilipata uhuru, Evert Hoek, mzaliwa wa Rhodesia ya Kusini, pamoja na Brown, walitoa kanuni ya kukadiria nguvu za mwamba wenye nyufa, ambayo hadi leo hutumiwa na wachimbaji duniani kote.

Zambia haikukata tamaa. Kazi iliendelezwa, na mwaka 1976 kituo cha kaskazini kikaanza kutoa umeme kwa mitambo minne ya megawati 150 kila mmoja. Miaka minne kabla ya utawala wa walowezi kwisha, Zambia ilikuwa na mitambo yake yenyewe katika mto ule ule.

Ndugu msikilizaji, hakuna kamanda apelekaye kikosi mahali asipopapeleleza. Mashimo machache ya keekee yanayotobolewa kabla ya kazi ni upelelezi, na fedha zinazookolewa kwa kuyapunguza hulipwa baadaye maradufu, wakati mwingine kwa roho za watu. Anayechimba ngome, ghala au kituo cha umeme chini ya kilima na akiulize kilima kwanza, naye asiridhike na jibu la jiwe moja.