Tope la Engaruka

Ukuta ni mfupi, mawe ya volkano yaliyopangwa makavu, bila chokaa wala udongo wa kuyashikisha. Upande wa juu ardhi imejaa hadi ukingoni. Upande wa pili unashuka hatua moja na kukuta ukuta mwingine wa namna hiyohiyo. Hilo ndilo shamba la Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, lililolimwa tangu karne ya 15 hivi hadi kuachwa katika karne ya 18.

Eneo lote ni takriban hekta 2,000. Mvua ni haba mno kwa mtama, zao ambalo mabaki yake yamechimbuliwa hapo, hivyo wenyeji walichepusha mito iliyoteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kuipitisha kwenye mifereji hadi kila kipande cha shamba. Mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer aliyaona mawe hayo mwaka 1883, mwanaakiolojia Louis Leakey akaja 1935, na kwa muda mrefu sifa kubwa ya Engaruka ikawa maji.

Maji, ndiyo. Lakini mwanzoni mwa karne hii mwanaakiolojia Daryl Stump alichimba nyuma ya baadhi ya kuta na kukuta mashapo ya mto, safu juu ya safu. Wakulima walikuwa wanayapunguza maji kasi makusudi ili tope litue. Kingo zikijaa, waliziinua. Kwa maneno mengine, sehemu ya shamba hilo ililetwa na mto.

Na tope hilo si uchafu; limebeba rutuba. Mzizi hauli udongo; unakunywa. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu haviingii kwenye mmea mpaka viyeyuke majini, kisha jani linapotoa mvuke huvuta maji hayo juu pamoja na kilichomo. Kumwagilia bila rutuba ni kumpa mgonjwa maji matupu.

Ulaya, wakati Engaruka ikilimwa, suala la chakula cha mmea lilikuwa bado linabishaniwa. Mwanakemia Jan van Helmont alipanda mti kwenye ratili 200 za udongo, akaumwagilia miaka mitano, akakuta udongo umepungua wakia 2 tu, akaamua kuwa mti ni maji matupu. Maandishi yake yalichapwa 1648. Zile wakia 2 alizipuuza, na humo ndimo yalimokuwa madini! Mwaka 1699 mwanasayansi Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio yake ya kukuza mnanaa kwa maji ya aina mbalimbali, na uliostawi zaidi ni ule uliotiwa udongo wa bustani majini.

Engaruka tope lilikuwa limekwisha kutua. Mwanaakiolojia John Sutton aliona pia dalili kwamba ng'ombe walifungiwa kwenye mazizi ya mawe na samadi yao ikapelekwa shambani. Leo mto Engaruka bado unamwagilia mahindi ya kijiji, na mbuzi wanachungwa katikati ya kuta za kale.