Batli: Jina la Kumbukumbu za Siku Kwenye Mstari wa Amri

Batli ni neno la mabaharia. Kamusi za Kiswahili hulihusisha na kupima mwendo wa chombo baharini, na kitabu cha batli ni kile ambamo nahodha huandika saa, mwelekeo, upepo na yote yaliyotokea safarini. Ninapendekeza neno hili lipewe kazi ya pili nchi kavu: liwe jina la faili ambamo mtu huandika mambo ya siku yake kwa kompyuta, mstari baada ya mstari, kila mstari ukitanguliwa na tarehe na saa.

Pa kulijaribia neno hili ni Kituku, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu mjini Goma, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kituku ni soko na ni bandari pia. Boti za Idjwi, Minova na Kalehe hushusha hapo mananasi, ndizi, samaki wadogo waitwao sambaza, na makaa, ambayo watu wa Goma huyaita makala. Kila mzigo una mwenyewe, una idadi, una saa ya kufika. Kila boti ina watu. Anayeandika hayo huyaandika kwenye kaye, jina la daftari lililotoka katika Kifaransa na kukaa vinywani mwa Wakongo. Kaye hulowa, hupotea, na hata ikipona, kutafuta ndani yake boti iliyofika miezi mitatu iliyopita ni kazi ya nusu siku.

Uzito wa kumbukumbu za aina hii ulidhihirika tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka Minova ikiwa imejazwa kupita kiasi ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Goma na Minova, na wasafiri walibaki na njia ya ziwa tu. Serikali ya Kivu Kusini ilitaja waliofariki 78. Hesabu nyingine za viongozi zilitofautiana na hiyo, na idadi kamili ya waliokuwa ndani ya boti haikujulikana. Programu ya kompyuta haizuii boti kupinduka. Lakini jamaa aliyesimama ufukoni akimtafuta ndugu yake anastahili kukuta jina lililoandikwa kabla ya safari.

Sasa tuingie kwenye istilahi yenyewe. Mstari wa amri ni njia ya kuiagiza kompyuta kwa maandishi. Hakuna picha ya kubofya wala menyu ya kufungua: unaandika amri, unabonyeza kitufe cha kuingiza, programu inayofasiri amri inaitekeleza. Utaratibu huu ulikuwepo kabla ya kipanya kuenea. Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulijengwa juu yake. Wapo wanaosema laini ya amri, lakini laini tayari ni kadi ya simu katika masikio ya Waswahili wengi. Mstari hauna mkanganyiko huo.

Tuseme karani wa Kituku anataka kuandika kwamba boti imefika. Ataandika hivi:

echo "$(date '+%F %H:%M') Boti ya Idjwi, mananasi mifuko 30" >> batli.txt

Neno echo huiamuru kompyuta itoe maneno yanayofuata. Sehemu yenye date huweka tarehe na saa kutoka kwenye saa ya mashine, ili mwandishi asikadirie. Alama mbili za >> hupeleka maneno hayo mwishoni mwa faili la batli.txt, chini ya yote yaliyotangulia. Hapo ndipo pa kuwa macho: ukiandika > moja badala ya mbili, yaliyokuwemo hufutwa na mstari mpya hubaki peke yake. Kwa sababu hiyo ni busara kuifunga amri nzima ndani ya jina fupi mara moja tu, katika faili la mipangilio ya programu inayofasiri amri (kama ~/.bashrc), kisha kulitumia jina hilo kila siku:

batli() { echo "$(date '+%F %H:%M') $*" >> ~/batli.txt; }

Hapo ~ ni folda ya nyumbani ya mtumiaji, na $* ni maneno yanayofuata jina la amri. Baada ya hapo karani ataandika batli, nafasi, kisha habari yake. Akitaka kujua boti zote za Minova, ataandika grep Minova ~/batli.txt na mistari yote yenye jina hilo itajipanga mbele yake. Anayetaka zaidi anaweza kutumia programu ya jrnl, inayotambua maneno ya Kiingereza kama yesterday, yaani jana, inayokubali vitambulisho vyenye alama ya @, na inayoweza kulifunga faili kwa nywila. Mahali ambapo daftari la mtu linaweza kusomwa na asiyetakiwa, kufuli hiyo ina maana kubwa.

Programu zikishawekwa, haya yote hufanyika bila intaneti. Asiye na kompyuta anaweza kuweka Termux kwenye simu ya Android akapata mstari wa amri uleule. Faili lenyewe ni jepesi: mistari 20 kwa siku, kila mmoja wa herufi 80, kwa mwaka mzima haifiki megabaiti moja. Nakala yake huingia kwenye kadi ndogo ya simu, na itasomeka hata programu iliyoiandika ikisahauliwa.

Kwa nini basi tuiite batli? Waingereza huiita log, yaani gogo. Mabaharia wao walitupa kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi ili kujua kasi ya meli. Kasi iliandikwa kitabuni, kitabu kikarithi jina la ubao, na wataalamu wa kompyuta wakalichukua kutoka kitabuni. Sisi wenyewe tumelipokea bila kulitambua: blogu imetokana na weblog, neno lililobuniwa mwaka 1997. Kiswahili tayari kina neno la kazi ileile ya baharini, na hatuhitaji kuazima jingine.

Maneno mengine yana kazi zake. Shajara ni ya mtu na nafsi yake. Humo huandika alivyoona na alivyohisi, hata kesho yake. Kumbukumbu ni pana mno, kwa kuwa hubeba mambo ya moyoni na mihtasari ya vikao pia. Rekodi ni sahani ya muziki na ni ushindi wa mwanariadha. Batli peke yake ina masharti matatu ndani yake: huandikwa jambo linapotokea, hufuata mpangilio wa saa, na mstari wa zamani haufutwi. Kosa husahihishwa kwa mstari mpya.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba programu ya ofisini inaweza kuzungumza Kiswahili. Mstari wa amri unasubiri juhudi kama hiyo. Amri za ndani zitabaki na majina yake, lakini majina tunayoyaunda wenyewe, kama lile la karani wetu, yako mikononi mwetu. Tuandike batli ya siku, batli za mwezi, faili la batli. Walimu wa kompyuta wa Goma, Bukavu, Dar es Salaam na Mombasa walifundishe neno hili pamoja na masharti yake matatu, maana mwanafunzi atakayeyashika atajua kutunza kumbukumbu hata siku atakayorudi kwenye kaye na kalamu.