Kisangani, mji wa mwisho wa bato: mto, vita na udongo wa kurudia



Mwenye amerudi Kisangani kisha miaka mingi anauliza maulizo matatu: nitapita njia gani, nitajenga wapi, na nani ataniamini kama parseli hii ilikuwa ya baba yangu? Wafadhili wetu nao wana lao: kwa nini mzigo mdogo wa mabati na sima unachukua wakati mrefu na feza nyingi hivi? Majibu ya maulizo yote yanapatikana mahali pamoja, ndani ya historia ya mji na namna udongo na maji yake vilivyopangwa. Ndiyo sababu tumeandika kurasa hizi.

Mahali mto unapogeuka

Tuanze na maji. Mto wetu unatoka kusini kwa jina la Lualaba. Unapita Kindu, unafika Ubundu, halafu unaingia katika maporomoko saba yenye tunaita Boyoma. Kati ya Ubundu na Kisangani, kwa urefu wa kilomita karibu 100, maji yanashuka kama metre 60. Mwisho wa maporomoko, kwa Wagenia, mto unatulia, unageuka kuelekea magharibi, na unapata jina la Kongo. Ikweta iko karibu sana, kusini kidogo ya mji. Mvua inanyesha karibu miezi yote, na inazidi katika mwezi wa nne na wa tano, kisha katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Kutoka Kinshasa bato inaweza kupanda mpaka Kisangani, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Kwa wafadhili wetu wa Ulaya, tuseme hivi: mto Rhine wote, toka milima ya Uswisi mpaka bahari, una kilomita karibu 1,230. Safari ya gunia moja la sima kwa maji kutoka Kinshasa inashinda urefu wa Rhine nzima. Na hapa bato inasimama. Haiwezi kuendelea, juu maporomoko yanaifunga njia. Mzigo unashushwa, unabebwa kwa nchi kavu, unapakiwa tena juu ya maporomoko.

Hii ndiyo sababu mji uko hapa, haukuwekwa mahali pengine. Watu wa mbele waliijua. Wagenia waliishi kwa kuvua samaki ndani ya maji makali, na miti yao mikubwa yenye kufungiwa mitego ingali inasimama juu ya mawe mpaka leo. Walokele walisafiri kwa mitumbwi chini ya mto wakifanya biashara. Wakumu walikuwa na misitu na mashamba upande wa nchi kavu. Wambole, Walengola, Waturumbu, Watopoke na wengine walikuja kwenye soko na wengi wakabaki.

Jina linatoka wapi?

Kiswahili kilifika kwa njia ya mashariki, na wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wa Maniema. Stanley alipita maporomoko haya mwezi wa kwanza wa mwaka 1877. Sehemu ya safari yake kutoka Nyangwe alisindikizwa na Hamed bin Muhammed, mwenye tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Mwezi wa kumi na mbili 1883 Stanley alirudi, safari hii kwa kazi ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akaacha kituo kidogo kwenye kisiwa cha Wana Rusari. Watu wa Kiswahili walisema "kisangani", maana yake kwenye kisanga, kwenye kisiwa. Wazungu waliandika Stanley Falls, na nyuma Stanleyville. Karatasi ilikuwa na jina lake, kinywa cha watu kilikuwa na lingine. Mwaka 1966 karatasi ndiyo ilikubali kufuata kinywa.

Kituo kile hakikudumu kwa amani. Mwaka 1886 wafanyabiashara wa Kiswahili walikishambulia, na wazungu wakakimbia. Mwaka 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip alitia sahihi mapatano ya kuwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Leopold. Nyuma alirudi Zanzibar, na Rashid, mtoto wa ndugu yake, alibaki hapa. Kisha ikaja vita ya 1892 mpaka 1894 kati ya askari wa Leopold na Waarabu-Waswahili, na Rashid aliufukuzwa mji mwaka 1893.

Tusifiche kitu katika habari hiyo. Pembe za ndovu na watumwa ndivyo vilivyotajirisha wakubwa wa wakati ule. Na serikali ya Leopold yenye ilisema imekuja kumaliza utumwa ilileta kazi ya nguvu ya mpira. Watu wa vijiji waliteswa na huyu, wakateswa na yule. Wale wenye walibaki, watumwa wa zamani, wapagazi, askari na wake zao, ndio waliojenga vijiji vya Kiswahili karibu na mto, wakatuachia lugha hii tunayoandika.

Reli, komini na mto wa pili

Mwaka 1897 Mapadri wa Moyo Mtakatifu walianza misioni ya Saint-Gabriel chini ya Padri Gabriel Grison. Mwaka 1906 reli ilikwisha kujengwa kwenye ngambo ya kushoto, kama kilomita 125, kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Kazi ya reli ile ni moja tu: kuzunguka maporomoko. Kutoka Ubundu bato ingine inapanda mpaka Kindu, na Kindu kuna reli ingine ya kusini. Bato, treni, bato, treni: ndiyo mpango wa wakoloni, na ndiyo mpango tuliourithi. Treni isipotembea, mtu wa Ubundu anasukuma baiskeli kupitia msitu. Mwanachama wetu wa Ubundu akichelewa kwa mkutano, tukumbuke hili kabla ya kumuandikia amende.

Leo mji una komini sita. Makiso ndiyo katikati, kwenye ofisi na maduka. Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani ziko nazo upande wa kulia wa mto. Lubunga ni ya pekee upande wa kushoto, na hakuna daraja juu ya mto mkubwa. Mtoto wa Lubunga mwenye anasoma ngambo, mama mwenye anauzisha makala, mgonjwa wa usiku, wote wanategemea mtumbwi ao bak. Mtu akisema parseli ya Lubunga ni ya bei nzuri, ahesabie pia pesa ya kuvuka kila siku, kwenda na kurudi.

Upande wa kaskazini kuna mto wa Tshopo wenye umeleta jina la jimbo. Barrage yake ya umeme ilijengwa wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, na daraja la Tshopo ndilo linafungua barabara ya Banalia na Buta. Barabara ya mashariki inakwenda Bafwasende, Nia-Nia na Ituri. Ya tatu inateremka kusini-mashariki kwa Lubutu na Walikale mpaka Bukavu. Ni kwa barabara hizi tatu na kwa mto wengi wetu tulikimbia. Ni kwa hizo hizo tulirudi.

Mji wenye kila mmoja alitaka kuushika

Mji wenye kufunga mto na barabara tatu unapendwa na wenye silaha. Tuwekee watoto wetu tarehe, maana wengi wanazisikia kwa vipande vipande.

Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta hapa katika miaka ya 1940 na 1950. Mwezi wa kumi 1959, kisha mkutano wa chama chake, kulitokea fujo, watu wakauawa, naye akafungwa. Mwisho wa 1960, alipotoroka Kinshasa, ni Stanleyville alitaka kufika, akakamatwa njiani. Antoine Gizenga naye aliweka serikali yake hapa. Mwezi wa nane 1964 Wasimba waliushika mji, na tarehe 24 mwezi wa kumi na moja askari wa Ubelgiji waliruka kwa parashuti toka ndege za Amerika juu ya kiwanja cha Simi-Simi. Wengi wanakumbuka wazungu wenye waliokolewa siku ile. Familia zetu zinakumbuka pia Wakongomani wengi wenye waliuawa, mbele kwa mikono ya waasi, nyuma kwa mikono ya wenye walikuja kulipiza. Mwaka 1966 na 1967 askari waliasi tena.

Ikaja miaka ya utulivu kidogo: chuo kikuu, chenye kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, kiwanda cha nguo cha Sotexki, mashua za mahindi na mchele. Halafu tarehe 15 mwezi wa tatu 1997 AFDL iliingia mjini. Mwezi wa nane 1998 waasi wa RCD waliushika. Na hapo majeshi mawili ya inje, Rwanda na Uganda, wenye walikuja kama marafiki, wakaanza kupigania mji usio wao: mara moja mwezi wa nane 1999, mara ya pili mwezi wa tano 2000, na mara ya tatu kutoka tarehe 5 mpaka 10 ya mwezi wa sita 2000. Hiyo ya tatu ndiyo tunaita vita ya siku sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu bombe zaidi ya 6,000, raia zaidi ya 700 waliokufa, na nyumba zaidi ya 4,000 zenye ziliharibiwa. Tarehe 16 mwezi uleule Baraza la Usalama liliandika azimio 1304 kuomba majeshi hayo yatoke. Bado mateso hayakuisha: mwezi wa tano 2002, kisha uasi wa askari, watu waliuawa Mangobo, na maiti zilitupwa kutoka daraja la Tshopo. Mwaka 2003 mto ulifunguliwa tena, bato za Kinshasa zikaonekana bandarini.

Kwa nini mambo haya ni ya leo

Kwanza, fidia. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilisema Uganda ilivunja sheria katika nchi yetu. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 iliamua Uganda ilipe dolare milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu wenye waliumizwa. Malipo yalipangwa kwa miaka mitano, dolare milioni 65 kila mwaka. Serikali yetu iliunda fuko, FRIVAO, na makao yake yako hapa Kisangani. Juu ya Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuhukumu kesi ile. Kwa hiyo mwanachama asidanganywe na mtu wa barabarani mwenye anaahidi feza za kesi hiyo kwa kulipwa kwanza. Kila familia iandike: nani alikufa, siku gani, avenyu gani, nani aliona. Wazee wenye waliona wanapungua kila mwaka. Karatasi yenye imeandikwa leo na kutiwa sahihi na mashahidi wawili wazima itasaidia kuliko hadithi ya kesho.

Pili, udongo. Kwa sheria ya 1973 udongo wote ni wa Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Katika mji, kinacholinda parseli ni cheti cha kuandikisha, siyo barua ya chef wala risiti ya muuzaji. Lakini mji umekua, na kwenye mipaka yake familia za asili zingali zinagawanya udongo kwa desturi. Mwenye alikimbia 1998 na kurudi nyuma anakuta watu watatu wenye barua tatu. Tangu mwanzo wa 2023 tumeona ubishi wa udongo kati ya Wambole na Walengola ukigeuka mauaji, na maelfu ya watu wakakimbilia Lubunga. Wale ni wakimbizi wa kilomita chache tu. Tunajua njaa yao, maana ilikuwa yetu.

Tatu, bei. Wafadhili wapendwa, mabati yenye mnalipia yanapita mto mrefu kuliko Rhine, ao barabara ya matope toka mashariki, na kama ni ya Ubundu, yanavuka kwanza Lubunga kwa mtumbwi. Mtu wa Kinshasa anaweza kuagiza wakati wowote. Sisi tunaagiza mapema, tunaweka akiba, na tunanunua pamoja. Ndiyo maana tunaomba kwamba msaada wa kujenga ufike kabla ya mvua kubwa ya mwezi wa kumi, usifike nyuma yake.

Tangu 2015 Jimbo la Mashariki limegawanywa mara nne, na Kisangani imebaki kichwa cha Tshopo, na watu wake wamepita milioni moja. Kati yao hakuna kabila lenye linaweza kusema mji ni wake peke yake. Wagenia wana maporomoko, Wakumu wana udongo wa zamani, Waswahili walileta lugha, wengine walileta jasho. Mwenye amerudi ana haki ya kuuliza mahali pake, na mwenye alibaki ana haki ya kuulizwa kwa heshima.

Wanachama wa kila komini wanaombwa kuleta majina ya wazee wao wenye wanakumbuka 1964 na 2000. Katibu atapita na daftari. Wa Lubunga, chama kitalipa mtumbwi.