Dar es Salaam–Zanzibar (safari ya anga)

Kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere na kile cha Abeid Amani Karume, Unguja, pana kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, karibu kaskazini moja kwa moja. Umbali huo hautoshi kukadiria muda wa safari. Ndege ndogo ya Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 15, lakini ratiba huandika 20 au zaidi, kwa kuwa huhesabu pia kutambaa hadi njia ya kurukia, kungoja zamu na kujipanga kutua. Huenda mtu akasema ndege ya jeti ingefupisha safari. Kwa kiasi kidogo mno: haijafika hata kimo chake cha kawaida, inaanza kushuka. Wengine watadai kwamba boti ya mwendokasi, inayochukua takriban saa mbili, imeachwa mbali. Kwa anayetoka eneo la Posta, Dar es Salaam, kwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, hesabu hiyo ina walakini: boti huondoka katikati ya jiji na kutia nanga Malindi, palepale Mji Mkongwe, ilhali abiria wa ndege hupambana kwanza na foleni ya Barabara ya Nyerere, kisha ukaguzi wa mizigo.