Nani Alilala na Vifaranga?

Nilijua kuna shida kabla sijafungua macho vizuri. Dirisha la chumba ninacholala kwa shosho linatazama banda la kuku, na kwa siku tisa nilikuwa nimezoea kushtuka usiku na kuona mwanga mwekundu ukipenya kwenye nyufa za mbao. Usiku huo wa Julai, hapa Limuru, nje kulikuwa giza tii. Stima ilikuwa imepotea.

Nilitoka mbio na tochi ya simu. Vifaranga 100 niliowanunua kwa pesa za makala ya miezi mitatu walikuwa wamerundikana kwenye kona moja. Wa juu walikuwa wakilia. Wa chini walikuwa kimya. Kifaranga akishikwa na baridi hujisukuma katikati ya wenzake, wenzake nao wanajisukuma vilevile, na wale wa chini wanakosa hewa. Wengi huuawa na lile rundo hata kabla baridi yenyewe haijawaua. Tulihesabu 41.

Shosho aliwasha jiko la makaa nje, akangoja hadi moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza bandani na kuacha dirisha wazi kidogo. Akajifunga leso upya, akaniangalia.

"Sasa, nani alikuwa amelala nao?"

"Shosho, si kulikuwa na taa?"

"Taa nimeiona. Nimeuliza nani alilala nao."

Sikuwa na jibu. Nilifanya kile ninachofanya nikikosa jibu, nikaenda kusoma. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba swali la shosho ni la zamani kuliko taa, kuliko stima, kuliko Limuru yenyewe.

Tuanze na kuku mwenyewe. Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya laini ambayo hayawezi kumkinga na baridi, na mwili wake bado haujui kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza karibu nyuzi tatu kila wiki hadi aote manyoya ya kweli. Kazi hiyo koo huifanya bila kipimajoto. Anaatamia mayai siku 21, halafu anakaa na watoto wiki kadhaa, akiwafunika usiku na kuwaita wakitawanyika. Wahenga walisema teke la kuku halimuumizi mwanawe. Hata akikanyaga, anajua anakanyaga wapi.

Lakini koo ana tatizo moja machoni pa mfanyabiashara: akiatamia na kulea, hatagi. Na watoto anaoweza kuwafunika ni kumi, kumi na wawili hivi. Hapo ndipo historia yote inapoanzia. Binadamu alitaka mayai na vifaranga kwa wakati mmoja, kwa hiyo ikabidi amtafutie mama mbadala.

Wamisri walimpata zamani sana. Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Misri mayai huanguliwa yakiwa yamefukiwa kwenye samadi. Baadaye walijenga matanuri ya matofali ya udongo, vyumba vya ghorofa mbili vyenye ujia katikati, mayai chini, moto wa samadi na majani makavu juu. Hakukuwa na kipimajoto. Mhudumu alichukua yai akaliweka kwenye kope la jicho lake, ngozi ikamwambia kama joto limezidi au limepungua. Fikiria hilo kidogo. Maelfu ya mayai, na chombo cha kupimia ni jicho la mtu aliye macho. Akilala, moto unazimika au unazidi.

Wazungu walihangaika kuiga matanuri hayo wakashindwa. Mwaka 1749 mwanasayansi Mfaransa, Réaumur, alichapisha kitabu kizima kuhusu kuangua mayai bila kuku. Alijaribu mapipa yaliyozungukwa na samadi ya farasi, akitumia kipimajoto badala ya kope. Ila kilichonisimamisha mimi ni sehemu ya vifaranga. Réaumur aligundua kwamba kuangua ni nusu ya kazi tu. Wakishatoka, watalala wapi? Basi akatengeneza sanduku lenye paa la mteremko, ndani limefunikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya, ili kifaranga ajipenyeze hadi mgongo wake uguse kitu laini chenye joto. Akaliita mama bandia. Hakuficha lolote. Alijua anaiga nini.

Baada yake jina hilo likaanza kufifia, na hesabu ikachukua nafasi. Mwaka 1879, mjini Petaluma, California, Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine ya kuangulia iliyofanya kazi vizuri kiasi cha kuuzika, na mji huo mdogo ukaja kujiita kapu la mayai la dunia. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikaanza kupokea vifaranga wa siku moja kama barua. Inawezekana kwa sababu kifaranga humeza kiini cha yai tumboni kabla ya kutoka, na hicho humtosha siku mbili tatu bila chakula wala maji. Hata wangu walifika Limuru hivyo, kwenye boksi lenye matundu, nyuma ya bodaboda. Kiini ambacho maumbile yaliweka ili koo aweze kuwangoja wanaochelewa kuanguliwa, sisi tumekigeuza nauli.

Halafu kuna Cecile Steele. Mwaka 1923, huko Ocean View, Delaware, mama huyu aliagiza vifaranga 50 wa kuja kutaga. Kwa makosa akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha aliwajengea kibanda, akawalea, akawauza kama nyama. Waliofika sokoni walikuwa 387. Bei ilikuwa nzuri, mwaka uliofuata akaagiza 1,000, na biashara ya kuku wa nyama kama tunavyoijua, pamoja na ile robo yako na chips pale tauni, ina mizizi yake hapo.

Kila mtu anayesimulia hadithi hii hukimbilia faida. Mimi nilitoa tu: 500 toa 387 ni 113. Nilikaa na hiyo namba, kwa sababu nilikuwa na 41 wangu. Kuna picha maarufu ya siku hizo: safu ya vibanda vidogo vya kuku, na mbele yake amesimama Ike Long, aliyewatunzia akina Steele kuku, pamoja na watoto wa Steele. Nadhani shosho angemtazama huyo mzee akasema, haya, huyu ndiye aliyelala nao.

Taa nyekundu kama yangu ilikuja stima ilipofika mashambani. Balbu ya wati 250, unaining'iniza kwa mnyororo, ukitaka kupunguza joto unaipandisha. Ikianguka kwenye maranda makavu inachoma banda. Ikizimika, umeona. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini kwa kuwa inawaka yenyewe, ndiyo mama bandia wa kwanza aliyetuambia twende tukalale.

Na wakati huohuo koo mwenyewe alikuwa anabadilishwa. Kuku wa mayai wa kibiashara wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi hamu ya kuatamia ikakaribia kwisha. Huku kwetu, mwaka 1976 serikali ya Kenya ikishirikiana na Uholanzi ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na mojawapo ya mbinu ilikuwa mkulima kutoa jogoo wake wa kienyeji apewe wa kisasa. Nyama ikaongezeka, mayai yakaongezeka. Ila kuku akishasahau kuatamia, kila kifaranga anayezaliwa ni yatima tangu siku ya kwanza, na yatima lazima awe na mlezi mwenye jina.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoulizwa. Shosho hakuwa anapinga taa. Alikuwa anasema kwamba joto linaweza kununuliwa, lakini kukesha hakununuliwi pamoja nalo. Mmisri alijua, ndiyo maana alitumia kope. Mimi nilidhani balbu mbili zimeniondolea zamu.

Mwezi uliopita niliagiza wengine, 50 tu. Taa bado ninayo. Kona za banda nimeziziba kwa kadibodi ili ukuta uwe duara, pasiwe na mahali pa kurundikana. Jiko liko tayari mlangoni. Nimetengeneza pia sanduku lenye kuta mbili zilizojazwa nyasi kavu katikati, lile ambalo maafisa wa kilimo hufundisha mahali pasipo na stima. Humo vifaranga waliopita siku za kwanza hutunza joto lao wenyewe. Nilipomaliza nililitazama nikacheka. Lilibaki ngozi ya kondoo tu.

Usiku wa kwanza nilivuta kiti bandani. Saa nne shosho alikuja na koo wake mweusi, aliyekuwa ameatamia mayai wiki tatu bila kuangua hata moja. Akamweka chini gizani, akaanza kusukuma vifaranga chini ya mbawa zake, mmoja mmoja, kwa sababu mchana angewakataa. Kumi na mmoja waliingia. Wa kumi na mbili nilimsukuma mimi, na koo akanidonoa mkono hadi damu ikatoka.

"Huyo sasa," shosho alisema, akitafuta mlango kwa mkono. "Wewe angalia hao wengine."