Majani Makavu ya Kyimbila

Karibu na mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, iko misheni ya Kyimbila. Hapo, kabla ya Vita Vikuu vya 1914, aliishi Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian ambaye sifa yake ilitokana zaidi na majani kuliko mahubiri. Alikusanya mimea ya Rungwe, akaikausha, akaitia namba zilizopita elfu mbili, akaipeleka Berlin.

Huko mabingwa waliichambua. Mwaka 1915 Rudolf Schlechter alitangaza okidi zilizotoka kwake, na jenasi moja ya okidi ndogo mno akaiita Stolzia. Mti mmoja mkubwa nao uliitwa Entandrophragma stolzii. Lakini jina hilo halikudumu, maana mti ulionekana kuwa ule ule uliokwisha kuelezwa kutoka Uganda. Sayansi haioni haya kunyang'anya ilichotoa! Tena, katika majina hayo yumo Stolz peke yake. Wanyakyusa, wenye misitu na wenye majina yao ya miti, hawamo.

Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin. Kilichookoa kazi ya Stolz ni kwamba nakala nyingi zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwingine, Kew ikiwa mojawapo. Mtaalamu wa leo anapotaka kujua Schlechter alikusudia mmea upi hasa, huliendea jani la nakala, lenye karatasi ndogo iliyoandikwa: Kyimbila.