Shemine na Terili: Kiwanda cha Shaba cha Lubumbashi na Kampi Yake

Watu wakiandika juu ya mila, mara nyingi wanaanza na ndoa, matanga na hadisi za mababu. Sisi tumechagua kiwanda. Msomaji anaweza kuuliza: kiwanda cha Wazungu kinaingia namna gani katika mila zetu? Jibu letu ni hili: mila ni kile ambacho wazazi wanawaachia watoto. Na wazazi wengi wa Lubumbashi walituachia mambo yaliyozaliwa kandokando ya tanuru za shaba: lugha, chakula, mpira, hata namna ya kuishi na jirani wa kabila lingine.

Kwanza tuondoe kosa moja. Kazi ya shaba haikuanza na Wazungu. Zamani kabla yao, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani ndani ya tanuru za udongo, wakamwaga mukuba katika mfano wa msalaba. Misalaba ile ilikuwa feza ya biashara na mali ya kuolea, nayo ilisafiri mbali sana. Kwa hiyo Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa tarehe 28 Oktoba 1906, ilikuta kazi yenye wenyewe. Ilichofanya ni kuichukua, kuileta mashini, na kuwageuza wenyewe kuwa vibarua.

Kunako mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, na mji wa Élisabethville ukaanza kujengwa. Tarehe 30 Juni 1911, kiwanda kilichowekwa karibu na mto Lubumbashi kilitoa shaba yake ya kwanza. Mawe yalitoka mgodi wa Étoile, ambao wazee wanauita Kalukuluku. Makaa ya koki yalitoka Wankie, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tuangalie vizuri mpango huo: mawe yako hapa, moto unatoka Rhodesia, na faida inakwenda Ubelgiji. Ni jasho tu ndilo lilibaki kwetu.

Na jasho lenyewe lilitafutwa mbali. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Mikataba ya kwanza ilikuwa mifupi, na vifo vilikuwa vingi: nimonia, kuhara, na mafua makubwa ya 1918. Kompani iliona kwamba kuleta watu wapya kila wakati ni hasara. Ndiyo maana, toka 1928 hivi, ilibadilisha njia: mkataba wa miaka mitatu, ruhusa ya kuja na bibi na watoto, nyumba ya matofali, masomo, hospitali, na posho ya kila juma. Haikuwa huruma tu, ilikuwa hesabu. Lakini kutoka katika hesabu hiyo ilizaliwa jamaa ya kampi.

Humo kampini Mubemba alikaa mlango kwa mlango na Muluba, Musanga na Mulunda. Wangeelewana kwa lugha gani? Kiswahili njo kilikuwa lugha ya kazi, na watoto wakakinywa pamoja na maziwa ya mama. Wenzetu wa pwani wakikisikia wanacheka, wanasema kimevunjika. Sisi tunasema hakikuvunjika: kimepitia motoni. Mpira vile vile una alama ya kazi. Saint-Éloi Lupopo, timu iliyozaliwa 1939, ni ya watu wa reli, tena ilipewa jina la mtakatifu wa wafua vyuma.

Watu walizoea kusema, « Union Minière njo baba, njo mama. » Tusisahau kwamba baba huyo alijua kupiga. Wakati wa vita, mwaka 1941, bei zilipanda na kazi ikaongezwa, lakini mshahara haukutosha. Wafanyakazi Weusi waligoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha kampi, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Wanafunzi wetu wanajua tarehe 4 Januari 1959 ya Léopoldville, na ni vizuri. Lakini wangapi wanaijua tarehe 9 Desemba ya kwao?

Mwanzo wa 1967 Leta ilichukua kompani, nayo ikaja kuitwa Gécamines. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 migodi na viwanda vyake vyote vilitoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka. Kiisha mambo yakaharibika mfululizo: mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uporaji ukaja 1991, na 1992-1993 wafanyakazi wengi wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi, uliolisha tanuru za Lubumbashi, ulisimama. Mishahara ikakosa miezi na miezi. Wamama, ambao kompani iliwafundisha kushona na kungoja mshahara wa bwana, wakatoka kwenda sokoni na kuokoa nyumba. Kunako 2003 wafanyakazi 10 655 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa « départ volontaire ». Volontaire namna gani, wakati mtu ana deni na njaa? Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita watu wa jamaa ya kampi bana Shaba walioachwa na baba yao.

Leo kuna nini? Shemine ingali imesimama, mita 150 hivi, na karibu yake terili, mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Toka mwanzo wa miaka ya 2000 mlima huo unachimbwa upya kwa sababu una kobalti, na mwaka 2024 ulianza kutoa jermaniamu ya kuuzwa Ulaya. Yaani hata takataka ya babu zetu ni mali. Lakini mavumbi nayo ni uriti: mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, hata watoto.

Wachoraji wetu wameifanya shemine kuwa alama ya mji, na Sammy Baloji, katika picha zake za 2006, aliwaweka wafanyakazi wa zamani mbele ya magofu. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wasanii peke yao. Walimu tuwatume wanafunzi kuwauliza wazee wa kampi, wababa na wamama, na kuandika majibu yao. Tikiti za kazi, lampi na kofia zilizobaki nyumbani zisiuzwe kama chuma kikuukuu. Na mahali pa 9 Desemba pawe na jiwe lenye maandishi. Chuma kinaweza kuuzwa kwa kilo, mlima unaweza kwisha kwa malori. Jina la mtu aliyekufa akiomba mshahara wake lisiishe vile.